Mali Iliyo Chini ya Ardhi ni ya Nani?

Yako maswali ambayo watu wengi huyaachia wakubwa na matajiri, wakidhani kwamba mvuvi, fundi na mwenye duka hawana sehemu ndani yake. Swali la mafuta yatokayo chini ya ardhi ni mojawapo. Walakini hapana mtu wa mjini leo awezaye kupitisha mchana mmoja bila ya kuyagusa mafuta hayo. Gari limpelekalo sokoni, mtungi wa gesi ulio jikoni mwake, lami aikanyagayo, ndoo ya plastiki achotewayo maji, nyuzi za nguo nyingi avaazo, na hata mbolea iliyokuza sehemu kubwa ya nafaka aliyo nayo sahanini, yote hayo asili yake ni mafuta au gesi ya ardhini. Kitu ambacho sote twakitumia, yatupasa sote tujue ni haki ya nani.

Na kwanza tujue ni kitu gani. Wajuzi wa elimu ya ardhi wameeleza kwamba mafuta haya ni mabaki ya viumbe na mimea midogo mno ya majini, vilivyokufa vikazama, vikafunikwa na matope, tabaka juu ya tabaka, mpaka kwa uzito na joto la ardhi, kwa muda wa mamilioni ya miaka, vikageuka mafuta na gesi. Hayakai chini kama ziwa, kama wadhaniavyo wengi, bali yamejificha katika vitundu vya mawe kama maji yaliyonywewa na sifongo. Yakishatolewa hupimwa kwa mapipa, na pipa moja ni kama lita 159. Kisha hupashwa moto mkali, mvuke wake ukapanda mnarani: vilivyo vyepesi, yaani gesi na petroli, hutoka juu, mafuta ya taa na ya ndege hufuata, kisha dizeli, na chini kabisa hubaki mafuta mazito na lami. Kazi hii watu wa Mombasa wameijua kwa karibu, kwani kiwanda cha Changamwe kiliifanya tangu 1963 mpaka 2013.

Kwa maelezo haya machache twapata sifa mbili za mali hii, na juu ya sifa mbili hizi ndipo litasimama neno letu lote. Ya kwanza ni kuwa hapana mwanadamu aliyeifanya. Mnazi una aliyeupanda, jahazi lina aliyeliunda, lakini mafuta hayana mpanzi wala muundaji katika watu. Ya pili ni kuwa yakichomwa hayarudi. Mnazi ukiangua nazi zake leo, baada ya miezi utaangua tena. Pipa lililochomwa limekwenda, na la kushika mahali pake halipatikani ila kwa mamilioni mengine ya miaka.

Basi ni nani mwenye haki nayo? Tukisikiliza vyema twaona kwamba wadai ni watano.

Wa kwanza ni mchimbaji. Yeye husema: mimi nimeleta mitambo na mafundi, nimetoboa visima kwa fedha nyingi, na vingine vikatoka vikavu, lau si mimi mafuta yangelikaa yalipo. Wa pili ni mwenyeji wa ardhi ile, aliyelisha mifugo au kuvua samaki juu yake tangu babu zake. Wa tatu ni dola, isemayo kwamba mali ya chini ni ya taifa zima, na yeye ndiye wakili. Wa nne hana ulimi wa kusema, naye ni yule asiyezaliwa bado. Wa tano hana kisima wala gari, lakini moshi humfikia mahali alipo. Kila mmoja katika hawa ana neno la haki, na ugumu wa mas'ala ni kumpa kila mtu kadiri ya haki yake asimdhulumu mwenziwe.

Tuanze na mchimbaji, kwa kuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Jambo lake si geni. Wanazuoni walilijadili karne nyingi kabla ya kuundwa gari. Khabari ya Abyad bin Hammal ni mashuhuri: aliomba apewe chumvi ya Ma'rib katika nchi ya Yemen, na Mtume (s.a.w.) akampa. Alipoondoka, mtu mmoja akabainisha kwamba kitu kile ni kama maji yasiyokatika, kila afikaye hukipata. Hapo Mtume akakirejesha, kisiwe cha mtu mmoja. Juu ya msingi huu wanazuoni wakajenga hukumu. Imam Nawawi, aliyekufa 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho ni mashuhuri mno katika madhehebu ya Shafi, ameyataja mafuta ya ardhini kwa jina lake, nafti, pamoja na salfa na lami, katika madini yaliyo dhahiri ambayo mtu hayamiliki kwa kuyahuisha.

Huenda msomaji akasema: hayo ni mafuta yaliyochuruzika yenyewe juu ya ardhi, ama ya leo yako chini sana, hayatoki ila kwa kazi na gharama. Hoja hii ni nzuri, nao hawakuighafilika. Wameyatenga madini ya ndani yasiyopatikana ila kwa kushughulikiwa, mfano wa dhahabu na chuma, na kauli yenye nguvu kwao ni kwamba mchimbaji hayamiliki hayo kwa kule kuchimba peke yake, ijapokuwa mwenye kuhuisha ardhi mfu, kisha madini ya ndani yakadhihiri humo, wamemmilikisha. Na katika madhehebu ya Malik kauli mashuhuri ni kuwa amri ya madini i mikononi mwa mtawala kwa maslaha ya watu wote. Kwa hivyo twasema: mchimbaji ana haki ya ujira, na ujira mwema, kwa kuwa alitia mali yake na akaikhatarisha, lakini ujira wa kazi ni jambo moja, na umiliki wa kitu asichokifanya ni jambo jingine. Mzamia lulu hulipwa kwa pumzi zake, wala haimiliki bahari.

Ikiwa hivyo ndivyo, je, tumkabidhi dola yote na mazungumzo yaishe? Hapana, kwani wakili naye huulizwa. Tutazame nchi ya Nigeria. Mafuta ya kutosha biashara yaligunduliwa huko Oloibiri, katika mito ya Niger inapoingilia baharini, mwaka 1956, na shehena ya kwanza ikasafirishwa 1958. Nchi ile ni ya vijito na mikoko, na watu wake ni wavuvi na wakulima. Mwenye kuitazama picha yake angedhani ni hori za kwetu. Mabilioni ya fedha yametoka pale yakajenga majumba mbali na pale. Wenyeji waliachiwa mabomba yavujayo na gesi ichomwayo hewani usiku na mchana. Watu wa kabila la Ogoni walipoinuka kudai, tisa katika wao, akiwamo mwandishi Ken Saro-Wiwa, walinyongwa na serikali ya kijeshi tarehe 10 Novemba 1995. Na mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilipoipima nchi ya Ogoni, lilikuta mahali paitwapo Nisisioken Ogale watu wakinywa maji ya visima yenye sumu ya benzini zaidi ya mara 900 ya kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Likasema kazi ya kuisafisha nchi ile yote huenda ikachukua miaka 25 mpaka 30.

Funzo lililomo ni kubwa. Neno "mali ya wote" ni neno zuri, lakini laweza kufanywa pazia. Faida ikigawanywa kwa wote, na khasara ikaachwa kwa wachache walio karibu na kisima, huo si ushirika. Hapana mshirika wa biashara akubaliye apewe hesabu ya khasara peke yake. Kwa hivyo haki ya mwenyeji hutangulia kwa sababu hii: si kwamba yeye ndiye aliyeyafanya mafuta, bali ni kwamba maji yake, malisho yake na mavuvi yake ndiyo rehani ya kazi ile. Ukimharibia mtu kisima chake cha maji ili umpe mwingine taa, umechukua kwa huyu ukampa yule, na deni liko juu yako.

Wala tusidhani kwamba khabari hizi ni za mbali. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori ya Makupa, na mikoko ikafa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ikavujisha tena upande wa Port Reitz. Mkoko ufapo, kamba na samaki waliokuwa wakizaa chini ya mizizi yake huondoka, na mvuvi mwenye mtumbwi mdogo asiyeweza kwenda maji makuu ndiye wa kwanza kulala na njaa. Yeye hakuwa na hisa katika meli ile.

Na liko jambo jingine lililotokea katika nchi yetu, ambalo kila tulikumbukapo hutuuma. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la petroli lilipinduka, na watu wakakimbilia na madebe kukinga. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai mjini Nairobi, petroli ilivuja ikaingia mtaroni kati ya vibanda vya maskini, na yakatokea yale yale. Waliokuwa hawana majeraha walisema: wale walikuwa wakichukua kisicho chao. Sisi hatuhalalishi mtu kuchukua asicho na haki nacho, wala kuiendea khatari kwa miguu yake. Lakini twauliza: ni hali gani hii imfanyayo mama wa watoto aone debe moja la petroli lina thamani ya roho yake? Mafuta hupita mbele ya mlango wake kila siku, ndani ya mabomba na malori, na siku pekee awezayo kuyagusa ni siku yamwagikapo. Taifa ambalo fungu la maskini katika mafuta ni lile limwagikalo tu, halijamaliza hesabu yake.

Sasa tumgeukie yule asiyezaliwa. Haki yake ndiyo nyepesi kusahauliwa, kwa sababu hapigi kura wala halii. Lakini tumekwisha sema kwamba mali hii haikufanywa na kizazi chochote. Ikiwa sisi hatukuifanya, kwa hoja gani tutasema ni yetu sisi peke yetu, si ya wajukuu wetu? Kule kuzaliwa mwanzo si kazi aliyoifanya mtu hata apate ujira wake.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili, kwani wamelijua tangu zamani kwa jina la wakfu. Mtu huweka shamba au nyumba, asili ikabaki haiuzwi wala hailiwi, na manafaa yakatumiwa na waliopo na watakaokuja. Na mwenye minazi ajua tena: nazi huliwa, madafu hunywewa, makuti huezekwa, na mti ukabaki. Ama shaha la mnazi ni tamu kuliko nazi, lakini mwenye kulila shaha ameula mnazi wenyewe. Kuchimba mafuta na kuyatumia yote katika mishahara, magari na karamu ni kula shaha.

Je, yawezekana kuifanya mali iishayo iwe mfano wa wakfu? Yawezekana, na wako waliofanya. Kuwait iligundua mafuta mwaka 1938 ikaanza kuyauza nje 1946. Mwaka 1953 ikaweka baraza la kuikuza fedha ya ziada, na kwa sheria ya 1976 ikaamuru sehemu ya kumi ya mapato ya serikali itengwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Watu walidhani ni fedha ya miaka ya mbali. Lakini Iraq ilipoivamia nchi ile mwezi Agosti 1990, akiba ile ndiyo iliyowalisha waliokimbia na kuijenga nchi baada ya vita. Norwei nayo iligundua mafuta baharini mwaka 1969, ikatunga sheria ya akiba 1990, ikaweka fedha ya kwanza 1996. Na desturi iliyoiweka ni serikali itumie kadiri ya faida ya akiba tu, asili ibaki. Mafuta yakaondoka ardhini, lakini thamani yake haikuondoka mikononi mwa watu, imebadili umbo.

Hapa pana pingamizi lenye uzito. Itasemwa: nchi hizo ni za watu wachache na neema nyingi, je, mwenye njaa leo aambiwe akae na njaa ili mjukuu ashibe? Mtoto aliye hai akikosa dawa akafa, huyo mjukuu atatoka wapi? Jawabu letu ni kwamba kuweka si lazima iwe kuweka benki. Oman ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967, na mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu za kawaida katika nchi nzima. Fedha ya mafuta ikawa skuli, hospitali na njia. Na wengi katika jamaa zetu wa Unguja na pwani hii waliohamia huko tangu miaka ile wamekuwa katika walimu na mafundi wa kazi hiyo. Mtoto aliyesomeshwa kwa fedha ya mafuta ni akiba itembeayo. Kisima cha maji safi, mti uliopandwa na daktari aliyefunzwa, vyote ni asili iliyobaki baada ya pipa kuchomwa. Kwa hivyo mizani ni moja kwa tajiri na kwa maskini: kwa kila pipa litokalo, kibaki nini ambacho aliye nyuma yetu atakikuta? Anayemlisha mwenye njaa na kumsomesha amemtendea haki aliye hai na asiyezaliwa. Anayenunua fahari amewanyima wote wawili.

Na sisi Kenya swali hili limetufikia. Mwezi Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana Turkana katika kisima cha Ngamia 1. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyabeba mpaka Mombasa, na wenyeji wakayazuia njiani kwa muda wakidai usalama wao. Mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza, kiasi cha mapipa 240,000, ikaondoka katika bandari yetu. Sheria ya petroli ya mwaka ule iligawa sehemu ya serikali katika mia: 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya wenyeji. Kwamba mwenyeji ametajwa katika sheria ni jambo la kushukuriwa. Lakini namba katika karatasi si maji katika mtungi. Nigeria pia haikukosa sheria. Ilikosa wa kuuliza hesabu. Na mgawanyo ule haukuacha fungu kwa asiyezaliwa. Fungu lake latakiwa litoke katika uaminifu wa hao watatu waliotajwa.

Amebaki mdai wa tano, mwenye kufikiwa na moshi. Mafuta, makaa na gesi vichomwapo hutoa hewa ya kaboni, nayo hukaa juu miaka mingi ikaizuia ardhi kupoa. Bahari nayo hupata joto. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na wavuvi wakaona miamba iliyokuwa na rangi imegeuka meupe kama mifupa. Mwaka ule ulikuwa na sababu yake ya El Nino, lakini kila joto la asili liongezekapo, mwaka kama huo huwa karibu zaidi.

Nchi maskini husema, na husema kweli: wenzetu walitoboa kisima chao mashuhuri huko Pennsylvania mwaka 1859, wamechoma tangu siku hizo, wametajirika, leo sisi ndio tuambiwe tuache? Malalamiko haya ni ya haki, na aliyechafua zaidi yampasa alipe zaidi. Lakini tufikiri mfano wa kisima cha mtaa. Jirani mmoja alianza kutupia taka ndani yake. Je, haki yangu ni kumshika alipe na asafishe, au haki yangu ni kutupa taka zangu nami, ilhali watoto wangu wanakunywa humo humo? Mwaka 2023 mataifa yaliyokutana Dubai yalikubaliana kuondokana na mafuta, makaa na gesi kwa utaratibu na kwa uadilifu. Kukubaliana ni mwanzo. Uadilifu ni kwamba mwenye magari matatu aanze kabla ya mwenye jiko la mafuta ya taa. Na nchi yetu haikunyimwa njia: mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa kando ya Ziwa Turkana vimekwisha kutoa umeme, na vyote hivyo ni katika mali ichumwayo bila ya kukatwa shina.

Basi neno letu la mwisho ni hili. Mchimbaji apewe ujira wake kwa mkataba uliosomwa na watu, si uliofichwa sandukuni. Mwenyeji asafishiwe maji yake kabla ya mtu yeyote kugawa faida, kwani deni hutangulia mirathi. Dola ishike mali hii kama msimamizi wa wakfu, nayo iulizwe hesabu kama aulizwavyo msimamizi. Na kila mmoja katika sisi ajizuie na israfu iliyo mkononi mwake, tangu injini iungurumayo bure mlangoni mpaka msafara wa magari ishirini ya arusi yampelekayo bibi arusi mtaa wa pili. Mtu hawezi kudai amana kwa wakubwa naye aichezea iliyo kwake.

Mafuta yalikaa gizani mamilioni ya miaka yakingoja, na imewangukia watu wa karne hizi chache wayachome. Watakaokuja baada yetu hawatatuuliza tulichoma mapipa mangapi. Watatazama tulichowaachia, na kwa hicho watatuhukumu.